Mwaka Waliokuja Kumdai Mtoto wa Ami

Nilikuwa nimerudi kwa baba miaka miwili kabla ya hayo, na sanduku la bati na talaka yangu imekunjwa ndani ya Kurani. Niliolewa Ujiji na mtoto wa ami yangu, kwa kuwa baba yake na baba yangu walikuwa wamekubaliana tangu sisi hatujaota meno. Tulikaa miaka minne na mtoto hakupatikana. Akaoa mwingine, na mimi akanipakiza kwenye boti ya wafanyabiashara wa mawese iliyokuwa inarudi Rumonge. Watu waliniuliza baadaye kama nililia njiani. Nilitapika tu, maana ziwa lilikuwa limechafuka.

Baba alikuwa shefu wa Waswahili wa Rumonge. Neno hilo ni la Wabelgiji. Walitaka mtu mmoja wa kumuuliza habari za mtaa wetu, mtaa wa watu wa Kongo, wa Tanganyika, na nyumba tatu nne za Waarabu kama yetu. Babu yake baba alitoka Omani zama za biashara ya pembe za ndovu, lakini baba mwenyewe Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu, na mama yake mzazi alikuwa Mubembe wa ng'ambo ya ziwa. Hata hivyo watu walimwita Mwarabu, na mzungu akija Rumonge alionyeshwa baraza letu kwanza. Kazi yake ilikuwa kupatanisha waliogombana, kuandikisha waliozaliwa na waliokufa, na kusimama juani siku za sherehe.

Mtoto wa ami alifika siku ya Ijumaa, mchana, wanaume wote wakiwa msikitini. Nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya muhogo. Alisimama kwenye mlango wa nyuma, mguu mmoja umevimba, kavaa shati ambalo halikuwa lake.

"Hodi, binti ami."

Niliweka mchi chini.

"Ami yuko?"

"Yuko kusali."

"Nipe maji kwanza."

Nikampa maji. Halafu, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imezoea, nikampa ugali wa muhogo na samaki wa mukeke aliyebaki asubuhi. Baba aliporudi akamkuta anapangusa sahani kwa kidole. Alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Amekwisha kula?"

"Amekula, Baba."

Baba akakaa juu ya kinu kilichoinamishwa, yeye ambaye hakuwahi kukaa upande wa jikoni. "Basi," akasema. Mtu akishakula nyumbani kwako humtoi tena kama mbuzi wa mnadani. Mimi nilijua hivyo pia, lakini wakati wa kumpakulia sikulifikiria.

Alitueleza kwamba kule Ujiji, ufukweni, alimkuta kijana mmoja anaiba nyavu zake, akampiga kafi ya kichwa. Kijana alilala siku tisa, ya kumi akafa. Polisi wakaanza kumtafuta. Alivuka kwa mtumbwi mpaka Nyanza-Lac, na kutoka pale alitembea.

"Mwizi," baba akasema.

"Mwizi, ami. Wallahi."

Siku ile ile baba alimpeleka Kizuka, kwenye shamba letu la michikichi, akae katika kibanda cha wakamuaji mawese. Kila siku ya pili mimi nilimpelekea chakula, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na mwingine kurudi, kapu kichwani. Ilibidi niwe mimi kwa sababu wafanyakazi wana midomo. Hakuna aliyeniuliza kama ninaweza. Nilimpikia mtu aliyenirudisha kama debe tupu, nikamngoja amalize, nikachukua vyombo. Siku nyingi hatukusema zaidi ya salamu.

Barua ya kwanza kutoka Kigoma ililetwa na mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ilipigwa chapa, kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu. Macho ya baba yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Ilitoka kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza aliyetawala wilaya. Baada ya salamu nyingi alisema amesikia kwamba kijana wa ukoo wetu anapumzika upande wetu, na kwamba angefurahi kama kijana huyo, akishapumzika, angerudi kujibu maneno machache.

"Anapumzika," baba alirudia. "Huyu mzungu amefundishwa na watu."

Akaniambia niandike: nyumba yangu iko wazi kwa kila mpita njia, watu wa ziwa ni wengi, nasi tunamwombea Bwana Shauri afya.

"Sasa hiyo ni ndiyo au ni hapana, Baba?"

"Ni barua, mama. Andika."

Zilikwenda tatu na zikarudi tatu. Kila moja ilikuwa na adabu zaidi ya iliyotangulia, na kila moja ilimwongezea baba mkunjo usoni. Bwana Shauri angeweza kupitia kwa administrateri wetu wa Kibelgiji, lakini huyo alikuwa anapigilia misumari masanduku yake. Wote walikuwa wanaondoka. Tanganyika bendera ya Mwingereza ilikuwa inashuka mwezi wa kumi na mbili, na kwetu ya Mbelgiji mwaka uliofuata. Mtoto wa mwami, mfalme wetu, alikuwa ameuawa Usumbura majuma machache nyuma, na hata sokoni watu walinunua na kuuza kwa sauti ya chini. Nani angeshughulika na mvuvi mmoja aliyekufa Ujiji?

Bwana Shauri alishughulika. Alikuja mwenyewe kwa boti ya serikali, bila askari, amevaa soksi ndefu. Alikuwa mtu mwembamba, kama wa miaka hamsini, ngozi ya shingo imeungua na jua. Nilipeleka kahawa barazani, kisha nikakaa nyuma ya mlango, mahali pangu pa siku zote.

Walisalimiana kwa muda mrefu. Waliulizana hali ya mvua, ya michikichi, ya samaki. Mwingereza alisifu kahawa. Baba alisifu boti. Nilianza kusinzia. Ndipo nikamsikia mgeni akisema:

"Sheikh, nimebakiwa na wiki tano."

"Wiki tano za nini?"

"Za kuwa Bwana Shauri. Baadaye mimi ni mzee tu anayetafuta meli ya kurudi kwao."

"Basi mwachie atakayekuja."

"Atakayekuja ana mengi ya kuanza nayo. Sipendi aanze na maiti ya wakati wangu."

Baba alikohoa. "Na mimi nikikupa mtoto wa kaka yangu, wewe utaondoka. Mbelgiji ataondoka. Mimi nitabaki hapa hapa, na dada zangu, na majirani. Nitasema nini?"

"Sijui, Sheikh."

"Angekuwa wa kwako, ungemtoa?"

Kikombe kiligonga kisahani. "Hilo pia sijui," akasema Mwingereza. "Nina mmoja wa umri wake. Nimelifikiria hilo kwenye boti. Sijui."

Baba alilipenda jibu lile, niliona kwa namna alivyomsindikiza hadi ufukweni na kumpa kapu la ndimu. Lakini hakumpa alichokuja kutafuta.

Wiki iliyofuata boti ile ikarudi, na safari hii Bwana Shauri hakuja peke yake. Alikuwa na mwanamke mmoja mzee, mfupi, amejifunga kitenge kilichopauka na kushika viatu mkononi. Alikuwa mama wa marehemu. Mwingereza alimwacha mlango wa uani kwa heshima, akaenda barazani. Nadhani alijua anachofanya. Baba angeweza kubishana na serikali mpaka jua lizame, lakini mama mfiwa aliyeingia nyumbani ni mgeni wa wanawake, na mwanamke wa nyumba ile nilikuwa mimi, maana mama yangu siku zile alikuwa hajiwezi kwa miguu.

Nikamtandikia mkeka. Nikampa maji, akanywa yote. Nilingoja alie ili nimbembeleze. Hakulia.

"Wewe ndiye mke wake wa kwanza," akasema.

"Nilikuwa."

"Nakumbuka ulikuwa unapita kwangu kuchota maji. Ulikuwa na salamu."

Sikumkumbuka. Niliona aibu.

"Mama, pole sana," nikasema. "Mungu ampe nafasi njema."

"Amina. Sikiliza, mwanangu. Mzungu anasema atamfunga. Afunge, asifunge, hainirudishii kitu. Mimi watu wa Ujiji wanapita mlangoni wakisema, mama wa mwizi yule. Maji natafuta kwa mbali kwa sababu ya macho yao. Mwanangu hakuiba nyavu. Nyavu zile alipewa azishone na mwenyewe huyu mtoto wenu. Nilikuwepo siku alipozileta. Basi nataka aje aseme pale pale ufukweni, watu wasikie. Akishasema, sina neno naye."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Halafu akaniomba ajilaze kidogo, kwa kuwa mgongo ulimuuma kwa boti. Nikamwekea mto. Nilimwangalia akilala na viatu vyake karibu na kichwa, na nikajihisi nimechoka kama mtu aliyelima siku nzima.

Sikumngoja baba aniambie. Nilifunga chakula, nikashika njia ya Kizuka. Nilimkuta mtoto wa ami ameketi nje ya kibanda, anawatazama wakamuaji wakichemsha ngazi, yale matunda ya michikichi. Mguu ulikuwa umepona. Nikamwekea chakula mbele, lakini sikukifungua.

"Yule kijana aliiba?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Nani amekuja?"

"Nimekuuliza. Aliiba?"

Wakamuaji walikuwa wanaimba wakisukuma kinu, na moshi wa mawese ulikuja upande wetu.

"Alichelewesha," akasema mwishowe. "Nilimpa nyavu siku ya Jumatatu, mpaka Ijumaa hajamaliza. Nilikuwa na hasira ya mambo mengine. Mke alikuwa amerudi kwao. Alinijibu vibaya, nikampiga. Alipoanguka watu wakanizunguka, wote wananitazama, binti ami. Nikasema, mwizi huyu. Lilitoka tu. Halafu sikujua namna ya kulirudisha."

"Na Baba umemwapia."

"Nimemwapia."

"Mama yake amelala nyumbani kwetu sasa hivi. Juu ya mkeka wangu."

Akajifunika uso. Zamani, nilipokuwa mke wake, kama angejifunika uso hivyo ningekaa karibu naye. Nilibaki nimesimama.

"Unataka nifungwe?" akauliza kutoka nyuma ya mikono.

"Mimi nimechoka kutembea njia hii," nikasema. "Nimechoka kukupikia. Kaa kama unataka kukaa, lakini utajipikia, na Baba nitamwambia mwenyewe ulichosema."

Nilichukua kapu tupu la juzi nikaondoka. Nilifika kwenye mto nikasikia hatua nyuma yangu. Tulitembea hivyo mpaka Rumonge, mimi mbele yeye nyuma.

Barazani Mwingereza alisimama alipotuona. Baba hakusimama. Mtoto wa ami alipiga magoti mbele yake, akamwambia yote aliyoniambia, na alipofika mahali pa kiapo baba aligeuza uso ukutani. Nikamweleza alichokuja kutaka yule mama, naye akakaa hivyo mpaka nikaogopa. Kisha akasema na Mwingereza, kwa sauti kavu ya kazi.

"Nina masharti juu yake."

"Nasikiliza."

"Hatatiwa pingu kwenye mchanga wa Rumonge. Nitapanda naye boti. Na kabla hajaingia mahakamani, atapelekwa ufukweni Ujiji, aseme mbele ya wavuvi."

"La kwanza na la pili, ndiyo," Mwingereza akasema. "La tatu, Sheikh, sheria haina nafasi yake. Akishatamka mbele ya watu, jaji ataniuliza nimefanya nini."

"Sheria yako ina wiki nne. Itafutie nafasi."

Bwana Shauri alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Aliifuta kwa muda mrefu. "Itapatikana," akasema.

Tuliondoka kesho yake asubuhi. Nami nilikwenda, kwa kuwa yule mama alisema hatapanda boti peke yake na wanaume. Pingu hazikutiwa Rumonge. Zilitiwa tulipopita Nyanza-Lac, kwa adabu, na Mwingereza akamwomba baba radhi kabla. Njia nzima baba alishika misbaha bila kuivuta.

Ufukweni Ujiji wavuvi walikuwa wanaanika ndagala. Walipomwona mtoto wa ami wakaacha kazi. Alisimama kati yao, pingu zimefunikwa na kofia ya Mwingereza, akasema: "Yule hakuiba. Nyavu nilimpa mimi. Nilisema uongo." Ilikuwa fupi hivyo tu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mzee mmoja aliyekuwa mbali akapaza, "Anasema nini?" Ikabidi aseme tena, kwa nguvu.

Mama wa marehemu alisema, "Nimesikia." Akavaa viatu vyake, akaenda nyumbani kwake.

Mtoto wa ami alihukumiwa miaka sita. Bwana Shauri aliandika barua moja ya kutuarifu, akaongeza kwamba masanduku yake yamekwisha fungwa. Hatukumsikia tena.

Rumonge hawakutusamehe kirahisi. Shangazi yangu, dada yake baba, alisema mbele ya watu kwamba kaka yake amemuuza mtoto wa marehemu kaka yao kwa wazungu wanaoondoka, jambo ambalo hata mjinga hafanyi. Hakula tena kwetu mpaka alipokufa. Mwezi wa saba, siku ya uhuru wetu, baba alisimama juani na kanzu nyeupe kama kawaida yake, lakini hakuna aliyemwita mbele. Leta mpya, yaani serikali, haikuhitaji shefu wa Waswahili. Alirudi nyumbani, akavua kanzu, akaniambia, "Afadhali." Nafikiri alisema kweli. Alilala mpaka laasiri.

Miaka kumi tuliishi kwa mawese na kwa mashine yangu ya kushonea. Ikaja sabini na mbili. Mwisho wa mwezi wa nne vurugu zilianza upande wetu wa ziwa. Kwanza wakaja watu wenye mapanga, wakaua. Kisha wakaja wanajeshi, na hao waliua kwa muda mrefu zaidi. Sitasimulia niliyoyaona barabarani. Nimejaribu mara mbili kumsimulia mtu, na mara zote nilikaa wiki nzima sili.

Baba aliletewa karatasi ya kumwita ofisini, yeye na wazee wengine wa mtaa, kwa ajili ya mkutano wa amani. Majirani wenye mitumbwi walikuwa tayari kutuvusha. Nilimshika mkono.

"Baba, usiende. Tupande mtumbwi."

"Wameniita kwa karatasi, mwanangu. Kwa jina langu, kwa heshima. Mimi nimeona neno la serikali likitimizwa."

"Yule Mwingereza alikuwa mtu mmoja, Baba. Hakuwa serikali."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia jambo ambalo mwenyewe alikwisha lifikiria. Akaomba kanzu yake. Nikampigia pasi, kwa sababu nilidhani nikichelewa na pasi atabadili nia. Hakubadili. Alikwenda na wenzake watano, wakapakiwa kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo, na hakuna aliyerudi. Siku mbili nilingoja. Ya tatu nilimbeba mama mgongoni mpaka kwenye mtumbwi wa jirani, tukaenda Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi.

Mtoto wa ami alikuwa ametoka jela zamani. Hakuoa tena. Alishona nyavu za watu, kazi ile ile, akiwa ameketi mahali pale pale ufukweni. Alisikia tumefika kambini akaja, ameshika mkungu wa ndizi. Alimpa mama yangu pole, akalia. Kisha akaniuliza kama ami, katika miaka ile yote, aliwahi kusema kitu juu yake.

Ningeweza kumtungia neno zuri. Sikuwa na nguvu ya kutunga. "Hakusema," nikamwambia. Ilikuwa kweli. Jina lake lilikuwa halitajwi kwetu.

Alitupa chumba kimoja, na mama yangu alifia humo, akiwa ametunzwa vizuri. Mimi nilipanga chumba changu mwenyewe, nikapata kazi ya kushona sare za shule. Mara moja alileta watu wanipose kwa niaba yake, nikawapa chai nikawaambia hapana, na hakukasirika. Tuliendelea kusalimiana. Sikukuu nilimpelekea sahani.

Mwaka mmoja, akiwa tayari anaumwa kifua, aliniuliza kama nimekwisha msamehe, kwa talaka, kwa kiapo, kwa kumfanya baba awaamini watu wa karatasi. Aliyasema yote kwa pamoja, kama mtu aliyeyapanga. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu inawaka. Nilimwambia aniulize siku nyingine, leo nimechoka. Akasema haya. Aliishi karibu mwaka mzima baada ya hapo, na hakuniuliza tena, nami sikumkumbusha.